Betri Mbili za Gari Moja la Rimoti: Moja Imeuawa na Haraka, Nyingine na Taratibu

Nyumba moja ya Tudor, Mombasa, ilipoteza betri mbili za gari la rimoti katika wiki moja. Ya kwanza ilichajiwa kwa kasi, ikafura. Ya pili ilichajiwa taratibu usiku, ikapikika mpaka ganda lake la plastiki likakunjamana. Kijana mwenye gari anashikilia kwamba haraka haikuwa na kosa, kwa kuwa chaja haikupita kiwango kilichoandikwa kwenye betri. Ami yake naye anauliza, tangu lini kitu kikaharibiwa kwa kufanyiwa upole?

Niliombwa nizitazame betri zote mbili pamoja na chaja yenyewe. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu wote wawili walikuwa waangalifu. Hakuna aliyecheza na moto, hakuna aliyepuuza maandishi aliyoyaona. Ndiyo maana naona kina mafunzo kuliko vile visa vya mtu aliyechomeka waya kinyume. Na betri ya lithiamu inapowaka ndani ya nyumba ya ghorofa yenye ngazi moja, familia nzima imo hatarini, wala si mwenye gari peke yake.

Vifaa vyenyewe ni hivi. Gari ni la kipimo cha moja kwa kumi, la kukimbia kwenye vumbi. Betri ya zamani ni ya nikeli, nikeli-metali haidridi, seli 6 zilizofungwa kwa mstari, volti 7.2, ujazo 3000 mAh (miliampea-saa; 1000 ni sawa na ampea moja kwa saa moja), na mwisho wa waya wake ni ile plagi nyeupe ya plastiki inayokuja na magari mengi ya kuanzia. Betri nyingine ni ya lithiamu-polima, ile inayoitwa lipo, seli 2, volti 7.4, ujazo 5000 mAh. Usoni imeandikwa 50C kwa herufi kubwa nyekundu. Nyuma, kwa herufi ambazo mimi nilizisomea dirishani, imeandikwa kwamba kuchaji kusizidi 2C. Chaja ni moja kwa betri zote mbili, ina skrini ndogo, unaichagulia aina ya betri, idadi ya seli na ampea, nayo inaweza kutoa hadi ampea 10.

Kabla ya kuendelea lazima hiyo C ieleweke. 1C ni mkondo unaolingana na ujazo wa betri: betri ya 5000 mAh ikichajiwa kwa ampea 5 inachajiwa kwa 1C, ikichajiwa kwa ampea 10 ni 2C. Betri ya 3000 mAh, 1C yake ni ampea 3. Kwa hiyo ampea 3 zinazoijaza betri moja kwa kasi ya kawaida, kwa nyingine ni mwendo wa kujivuta. Hesabu ni nyepesi, lakini watu wengi huiruka kwa sababu wamezoea simu. Simu ina ubongo wake wa kuchaji. Ichomeke kwenye chaja kubwa kiasi gani, yenyewe ndiyo huamua ichukue nini. Betri ya gari la rimoti haina mlinzi huyo. Ni seli tupu na nyaya, na chaja huzisukumia kile ulichoiambia izisukumie.

Naanza na betri ya nikeli, kwa kuwa ndiyo iliyonishughulisha zaidi, na ndiyo ambayo ami mwenyewe aliichaji.

Mwanzo kijana alikuwa akiichaji kwa ampea 3, yaani 1C, nayo ilikuwa ikijaa kwa saa moja na kidogo. Kisha ikaanza tabia mpya: baada ya dakika kumi hivi chaja inalia kwamba betri imejaa. Wanaitia garini, gari linakwenda kidogo tu, linazima. Wanairudisha kwenye chaja, mambo ni yale yale. Ami akatoa hukumu ambayo hata mimi ningeielewa: betri imezeeka, haitaki kusukumwa. Akashusha mkondo hadi ampea 0.8. Na kweli, chaja haikulia tena. Betri ikapokea chaji kwa muda mrefu. Akaona amepata dawa.

Usiku wa tukio aliiwasha kama saa tano, akalala. Alipoamka kwenda kuswali alfajiri, akasikia harufu ya plastiki moto chumbani. Betri haikushikika. Akachomoa. Skrini ilikuwa inaonyesha imeingiza karibu 4,700 mAh ndani ya betri ya 3,000.

Namba hiyo ndiyo ufunguo wa kisa chote, na namshukuru ami kwa kuipiga picha kabla ya kuzima. Betri ya nikeli iliyoisha kabisa huhitaji kuingiziwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20 zaidi ya ujazo wake, kwa kuwa si kila kinachoingia huhifadhiwa. Tuseme 3,600 kwa wingi. Zile 1,100 zilizobaki hazikuwa na pa kukaa. Zote ziligeuka joto. Ampea 0.8 ukizizidisha kwa volti zipatazo 8.7 za betri iliyokwisha kujaa unapata wati 7, na wati 7 ndani ya seli sita zilizobanwa kwenye karatasi ya plastiki, katika chumba kilichofungwa, mwezi wa Februari, kwa zaidi ya saa nzima, zinatosha kuipika.

Kwa nini chaja haikusimama? Betri ya nikeli inapojaa, volti zake hupanda hadi kileleni, halafu hushuka kidogo mno, yapata milivolti 5 kwa kila seli. Mshuko huo unatokana na joto: seli iliyojaa haihifadhi tena umeme, inaugeuza joto, na joto likipanda volti hushuka. Chaja ya aina hii inasubiri mshuko huo ndipo ikate. Sasa, mkondo ukiwa mkubwa, joto la mwisho huja kwa ghafla na mshuko huonekana wazi. Mkondo ukiwa mdogo, joto hujipenyeza taratibu, kilele kinakuwa bapa, na chaja hupita juu yake bila kukiona. Joto la hewa nalo hukifukia kilele zaidi. Kaskazi ikivuma, Mombasa hufika nyuzi 32 au 33 mchana, na chumba kilichofungwa hakipoi sana usiku.

Ampea 0.8 kwa betri hii ni kama robo ya C. Hapo ndipo pabaya kuliko pote: mkondo ni mdogo mno kwa chaja kukiona kilele, na ni mkubwa mno kwa betri kuuvumilia ikishajaa. Upole wa ami uliiangusha betri katikati ya njia mbili zilizo salama.

Lakini bado kuna swali alilonirudishia yeye mwenyewe, na ni swali zuri: kama 1C ndiyo sahihi, mbona kwa ampea 3 chaja ilikuwa inakata mapema? Jibu lilikuwa kwenye ile plagi nyeupe. Nilipoivua ganda nilikuta vipande vya shaba vimeshika kutu ya kijani. Hii ni pwani. Hewa ya chumvi inakula kila kiungo kisichofunikwa, na gari hili lilikuwa likipelekwa mara kwa mara ufukweni.

Chaja iliwekwa ikate ikiona mshuko wa milivolti 30 kwa jumla, yaani 5 mara seli 6. Kiungo chenye kutu kikipata moto au kikitikiswa kidogo, ukinzani wake, yaani kiasi kinavyozuia umeme kupita, hubadilika. Mabadiliko ya miliomu 10 tu, kwa ampea 3, ni milivolti 30 kamili. Chaja ikaona mshuko, ikadhani ni kilele, ikakata. Kwa ampea 0.8 mabadiliko yale yale ni milivolti 8, hayafiki kiwango, hivyo chaja ikanyamaza. Ami alipopunguza mkondo hakuiponya betri. Aliinyamazisha kengele ya uwongo, na kwa kitendo hicho hicho akaizima kengele ya kweli.

Niliikata plagi ile, nikachomelea mpya kwa lehemu pande zote mbili, upande wa betri na upande wa waya wa chaja. Tukaichaji kwa ampea 3 mchana, dirisha wazi, feni ikipuliza. Ilikwenda dakika 50 hivi ikasimama yenyewe, imepokea takriban 2,400, vuguvugu tu mkononi. Tulipoitoa chaji ilirudisha kama 2,100. Hizo nyingine zimepotea na hazirudi. Inaweza kutumika kwa mtoto mdogo kuzungusha gari uani, si kwa zaidi ya hapo.

Sasa lipo. Huku mambo yanageuka, na ndipo kijana alipostahili kusikilizwa kabla ya kulaumiwa.

Jumamosi wanakutana vijana kadhaa kiwanjani, kila mmoja na gari lake. Lipo moja ya 5000 mAh inampa dakika kama ishirini za kukimbia. Kisha anakaa anawatazama wenzake. Kwa ampea 5 anasubiri karibu saa nzima, na stima nayo haina ahadi; ikikatika katikati, mchezo wa siku umekwisha. Akaona 50C imeandikwa usoni, akaweka ampea 10, yaani 2C. Kwa hesabu yake hiyo ilikuwa kazi ndogo sana kwa betri ya 50C.

Hapo pana kosa la kusoma ambalo nalaumu zaidi wanaochapa lebo kuliko wanaozisoma. Ile 50C ni madai ya kutoa umeme, wala haihusiani na kuingiza. 50 mara ampea 5 ni ampea 250, namba ya kumvutia mnunuzi. Kiwango cha kuchaji kimefichwa nyuma, nacho ni 2C. Hata hivyo, kwa bahati, ampea 10 zilikuwa ndani ya kiwango hicho. Kwa maandishi peke yake, kijana hakuvunja sharti. Betri ikafura vile vile.

Nilimwomba anielekeze hatua kwa hatua alivyofanya siku ile. Gari lilisimama, betri ikatolewa ikiwa moto, ikachomekwa hapo hapo. Waya mkubwa pekee ndio uliochomekwa. Ule mdogo wa kusawazisha seli aliuacha, kwa sababu chaja ina hali ya kuchaji haraka isiyoudai. Betri ilikuwa na umri wake pia. Chaja hii inapima ukinzani wa ndani, nikaupima: seli moja miliomu 9, nyingine 14. Seli mbili zilizozaliwa pamoja hazitakiwi kuachana hivyo.

Joto linalozaliwa ndani ya betri hufuata mkondo mara mkondo mara ukinzani. Kwa jumla ya miliomu 23, ampea 5 huzaa kama wati 0.6. Ampea 10 huzaa wati 2.3. Mkondo umezidi mara mbili, joto limezidi mara nne. Wati 2.3 si nyingi kwa betri baridi iliyo kivulini, na ndiyo maana kwa wengine 2C haileti neno. Betri hii, hata hivyo, ilitoka garini ikiwa kwenye nyuzi 50 au karibu na hapo, ikawekwa juu ya boneti ya gari la mzazi lililosimama juani. Nusu saa ya wati 2.3 inatosha kuongeza nyuzi kumi nyingine ikiwa haipoi. Watengenezaji wengi hukataza kuchaji lithiamu ikishapita nyuzi 45. Yeye alianza tayari amepita.

La pili ni ule waya mdogo. Lipo ya seli 2 hujaa kwenye volti 8.4, yaani 4.2 kwa kila seli. Bila waya wa kusawazisha, chaja huona jumla tu. Nilipouchomeka nilikuta seli moja ina 4.27, nyingine 4.11. Jumla ni 8.38, na chaja ikaridhika. Ile ya 4.27 ndiyo yenye miliomu 14, na ndiyo iliyofura. Seli dhaifu imejaa kabla ya mwenzake, ikaendelea kusukumwa kwa niaba yake. Lithiamu ikipita 4.2 huku ina joto, maji yake ya ndani huvunjika na kutoa gesi, na gesi haina pa kutokea.

Kwa hiyo, je, kasi haikuhusika? Imehusika, lakini kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Saketi ya kusawazisha katika chaja ndogo za namna hii hunyonya kiasi kidogo tu, mathalan ampea 0.3. Mkondo mkuu ukiwa 10, seli zilizoachana hazipati muda wa kulinganishwa mpaka mwishoni kabisa, chaja inapoanza kuupunguza mkondo yenyewe. Ukiwa 5, muda ni mara mbili. Kasi kubwa inahitaji seli zinazolingana, betri iliyopoa na ukinzani mdogo. Yeye hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Kile 2C cha nyuma ya betri kilipimwa kwa betri mpya, na watu hukisoma kana kwamba kinadumu maisha yake yote.

Na faida aliyoitafuta ilikuwa ndogo kuliko alivyofikiri. Lipo huchajiwa kwa mkondo usiobadilika mpaka ifike volti zake za juu, kisha volti hushikiliwa hapo na mkondo ukashuka polepole. Ukiongeza ampea, sehemu ya kwanza inafupika lakini hiyo ya mwisho inarefuka, na kwa betri yenye ukinzani mkubwa inarefuka zaidi. Alipokuwa akiweka 10 badala ya 5 alikuwa akiokoa dakika 20 hivi, hakuwa akipunguza muda kwa nusu. Kwa dakika 20 hizo alilipa betri nzima.

Betri iliyofura hatukuichaji tena, wala haikutobolewa. Hili nalisisitiza kwa sababu kuna wanaoitoboa kwa sindano ili gesi itoke, na hicho ndicho kitendo cha hatari kuliko vyote vilivyotajwa hapa. Tuliiweka ndani ya chungu cha udongo chenye mchanga mkavu, nje, mbali na ukuta. Mchanga wa ujenzi uliokauka unafaa. Mchanga mbichi wa ufukweni haufai, una maji na chumvi, na chumvi yenye maji hupitisha umeme.

Nilichowapangia ni hiki, nao wamekubali, ami akiwa mgumu kidogo. Lipo mbili badala ya moja, zote zichajiwe kwa ampea 5, waya wa kusawazisha ukiwa umechomekwa kila mara, na hakuna betri inayoingia kwenye chaja kabla haijawa baridi ukiishika kwa kiganja. Akiwa na mbili, moja inapoa na kuchajiwa wakati nyingine inakimbia, na haja ya 2C inaondoka yenyewe. Kila baada ya wiki chache apime ukinzani wa seli na kuuandika. Siku seli moja ikianza kumwacha mwenzake, ashuke hadi ampea 3 au 4 hata kama lebo inaruhusu 10. Betri isiyotumika wiki nzima ibaki kwenye volti 3.8 kwa kila seli, isikae imejaa kabatini na joto hili.

Kwa nikeli, ampea 3, na isishuke chini ya 1.5 kama chaja ndiyo inayotakiwa kuamua mwisho. Kikomo cha ujazo ndani ya chaja kiwekwe 3,600. Usiku ule kilikuwa kimeachwa 5,000 tangu ilipochajiwa lipo, na kama kingekuwa 3,600 chaja ingesimama zaidi ya saa moja kabla ya alfajiri, kilele kionekane kisionekane. Mimi nakiona kikomo hicho kuwa kinga bora kuliko ustadi wowote wa kuchagua ampea, na ndicho kitu ambacho karibu kila chaja ninayoletewa nakikuta hakijaguswa.

Ami aliniuliza mwisho, “Basi taratibu haipo kabisa, mwanangu?” Ipo. Kwa betri ya nikeli ya 3000 mAh, taratibu ya kweli ni ampea 0.3, sehemu moja ya kumi ya C, kwa saa 14 hadi 16 ikiwa imeisha, kisha ichomolewe kwa saa ya ukutani bila kungoja chaja ilie. Kwa mkondo huo seli inaweza kulimudu joto lake ikishajaa. Lakini aianze asubuhi, awe macho inapokwisha.